Milimita Arobaini na Mbili

Sura ya Tisa

Inspekta Leberecht Krahl aliigonga baromita ya jikoni kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama alivyofanya kila asubuhi tangu baba mkwe wake ampe siku ya harusi. Mshale haukutikisika. Mia saba hamsini na saba.

"Utavunja kioo siku moja," mkewe Gerda alisema bila kugeuka kutoka kwenye sufuria yake. "Na wala haijasogea tangu Jumapili. Ningekuwa na sabuni ningefua mapazia yote."

"Redio haisemi hali ya hewa, gazeti halisemi. Nimuulize nani?"

"Niulize mimi. Goti langu haliumi, basi mvua hakuna. Kunywa kahawa yako."

Tangu vita vianze, mvua na jua vilikuwa siri ya jeshi. Krahl alikunywa kahawa ya mizizi, akala mkate wa jamu ya plamu akiwa amesimama, akabana suruali kwa vibanio, akapanda baiskeli. Alipita stesheni, penye kile kibao cheupe ukutani kinachowaambia abiria wako mita mia nne na themanini juu ya bahari, akaanza kupanda kilima cha kiwandani. Mkobani alikuwa na barua moja isiyo na jina. Muda aliobakiwa nao ulikuwa masaa tisa tu.

Saa kumi na moja jioni Kamishna Fenske wa polisi wa siri angeshuka kwenye treni kuja kumchukua Ruprecht Aschoff, fundi mkuu wa zamu ya asubuhi katika kiwanda cha injini za ndege cha Brackenau. Shtaka lilikuwa hujuma. Waliochukuliwa na Fenske kwa hujuma hawakurudi. Wake zao waliletewa nguo kwa posta, zimekunjwa vizuri.

Kiwandani, vibanda vya kujaribia injini vilikuwa vinanguruma. Kwenye ujia alikutana na Gisbert Thormann, fundi mkuu wa zamu ya mchana, mtu wa miaka hamsini na mitano mwenye masharubu yaliyochanwa. Tangu Aschoff akamatwe, Thormann alikuwa anasimamia zamu zote mbili.

"Inspekta! Umekula? Chukua nusu ya soseji hii, ni ya kweli, shemeji yangu ana nguruwe." Akamkatia bila kungoja jibu. "Jambo hili linaniuma. Yule ni kijana wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza vali kwa bisibisi sikioni."

"Unaamini kahujumu?"

"Mimi naamini karatasi. Injini yetu inatakiwa kutoa nguvu za farasi elfu moja na mia mbili ndege inapoondoka ardhini. Chini ya elfu moja mia moja na sabini hatuipokei. Zake tisa, kwa mwezi mmoja, zote zimeanguka. Sasa piga picha ndege ya mabomu yenye injini mbili za namna hiyo. Imejaa mafuta, imejaa mabomu, tani kumi na tatu na nusu. Mkononi umekosa farasi mia moja na zaidi. Inakula uwanja mita mia mbili za ziada, na mwisho wa uwanja kuna miti. Hata ikinyanyuka, haifiki juu wenzake walipo, inabaki nyuma peke yake."

"Na zamani injini zake zilikuwaje?"

Thormann alipangusa kisu kwenye suruali, taratibu. "Zilizishinda zangu. Farasi kumi na mbili. Injini ile ile, mafuta yale yale, breki ile ile ya maji ya kupimia nguvu. Kila mara, kumi na mbili." Akacheka. "Watu wakasema ana mkono wa baraka. Ona sasa."

Chumba cha hesabu kilikuwa mwisho wa ujia. Ndani mlikuwa na meza mbili, makabati mawili, kipimajoto kando ya dirisha, na baromita ya shaba imetundikwa ukutani kwa msumari. Karani wa zamu ya asubuhi, Irmela Voss, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Wismar, alikuwa amekaa na rula yake ya kutelezesha ya kupigia hesabu kama mtu aliyekaa mlangoni kwa daktari.

"Niambie mnavyofanya kazi," Krahl alisema. "Polepole. Mimi shule niliiacha mapema."

"Fundi anaendesha injini, breki inaonyesha nguvu. Lakini injini inapumua, Bwana Inspekta. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu inapungua, na si kosa la injini. Kwa hiyo mimi nasoma baromita, halafu nairekebisha ile nguvu iwe kama tumepima penye hewa ya milimita mia saba na sitini. Baromita ikisoma chini, naongeza nyingi. Ikisoma juu, naongeza kidogo tu. Injini zote nchini zinalinganishwa hivyo."

"Na Aschoff anaiona baromita?"

"Haruhusiwi kuingia humu. Anapewa kikaratasi chenye jibu la mwisho, basi. Na mimi siruhusiwi kugusa injini yake. Ni amri ya zamani, mtu asije akajipikia matokeo."

"Thormann je?"

"Yeye ndiye anayefungua na kufunga chumba. Ufunguo ni wake, na kupanga zamu ni kwake pia. Ndiye aliyenileta asubuhi, mwezi uliopita. Kabla ya hapo nilikuwa stoo, nahesabu boliti."

Krahl alifungua jalada la Aschoff. Injini ya mwisho, Jumamosi: baromita 757. Iliyotangulia: 758. Nyingine: 756. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ni kama ya jikoni kwake. Kisha akatazama ukutani, akaigonga baromita kwa mazoea. Mia saba kumi na tano.

"Hii mbona imeshuka hivi?"

"Dhoruba inakuja," Irmela alisema. "Kwetu pwani ikishuka namna hiyo, watu wanafunga mashua."

"Ya kwangu haijashuka. Mke wangu anataka kufua mapazia."

Irmela alimtazama, akaitazama baromita, akakunja uso.

"Nipe jalada la Thormann."

"Hilo liko kabati la Bi Pohl, karani wa mchana. Bi Pohl anakula mtu akiguswa kabati, Bwana Inspekta. Sitanii."

"Mwambie nimelivunja mimi."

Aliyaweka majalada mawili pamoja mezani, kitu ambacho, kwa jinsi karatasi zilivyotulia kwenye mikunjo yake, hakuna aliyewahi kukifanya. Jumamosi: zamu ya asubuhi, saa saba mchana, 757. Zamu ya mchana, saa tisa, 715. Ijumaa: 758, kisha 716. Alhamisi: 756, 714. Alirudi nyuma siku kwa siku, mwezi mzima. Kila siku hewa ya Brackenau ilikuwa imeanguka milimita arobaini na mbili wakati watu wanabadilishana zamu.

"Binti," Krahl alisema, "huko kwenu Wismar, hewa huwa inafuata ratiba ya kiwanda?"

Irmela alipitisha kidole kwenye safu zile mbili za namba. Rangi ilikuwa imemtoka.

Krahl aliishusha baromita, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na tundu dogo, na ndani yake kijiparafujo cha kuurekebisha mshale. Shaba yote ilikuwa imechakaa na kuwa kahawia. Mfereji wa kile kijiparafujo tu ndio uliong'aa kama pete mpya.

Aliitundika tena kama ilivyokuwa. "Usimwambie mtu. Hata Bi Pohl akitaka kukula."

Njiani kwenda nyumbani kwa Aschoff alijiambia kwamba mambo yamejieleza yenyewe. Baromita ya jikoni inasoma 757, ya Aschoff 757, basi ya uongo ni ile 715, na Thormann anaishusha ili injini zake zionekane na nguvu. Hujuma ni ya Thormann, na injini mbovu ni za watu wote wawili. Hilo lisingemwokoa Aschoff. Lingeongeza tu abiria wa treni ya Fenske.

Kwanza kulikuwa na barua. Iliandikwa kwa penseli: *Chunguzeni yanayoendelea zamu ya asubuhi, mtaona mtu ana akili ya kazi au ana akili ya mambo mengine.* Ndiyo iliyowafanya polisi wafungue jalada. Fenske aliisoma kama onyo la mzalendo. Krahl alikuwa ameigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga, akaona alama za mistari iliyopigwa chapa upande mmoja, ukingo wake umekatwa kwa mkasi: umri kwa wiki, uzito kwa gramu. Ilikuwa fomu ya kliniki ya kupimia watoto wachanga.

Hedwig Aschoff alifungua mlango mtoto akiwa begani, kitambaa cha kucheulia kiko chini ya kidevu chake kidogo. Jikoni supu ya viazi ilikuwa inachemka bila kusimamiwa.

"Umemwona? Amekula? Yeye asipokula asubuhi anaumwa kichwa."

"Nitamwona sasa hivi. Mtoto ana wiki ngapi, Bi Aschoff?"

"Kumi na tisa."

"Naweza kuona kadi yake ya kliniki?"

Mtoto alicheua, Hedwig akampangusa kwa mkono uliozoea, bila kumtazama. Kisha akakaa kitini taratibu.

"Sikumaanisha hivi," alisema. "Naapa sikumaanisha hivi. Nilitaka wamhamishe yule msichana tu."

"Msichana gani?"

"Huyo wa pwani! Mwenye rula! Mume wangu anarudi saa tatu za usiku, haongei, anakula anatazama ukuta. Namuuliza una nini, ananiambia injini. Injini! Miaka sita tumeoana, injini haijawahi kumnyamazisha. Mimi hapa nguo moja ina maziwa mbele na nyuma, nywele sijachana tangu Jumanne, na yeye kule na binti mwenye soksi nzima."

"Nani alikuambia habari za binti?"

"Fundi Thormann. Alileta maziwa ya unga ya mtoto, akanionea huruma. Akasema, 'Hedwig, mwanangu, usimfikirie vibaya Ruprecht, vijana ndivyo walivyo, na yule binti anajua kucheka.'" Alimbana mtoto kifuani mpaka akalia. "Mimi nimemuua, sivyo? Kwa penseli."

"Supu inaungua," Krahl alisema. Akaenda mwenyewe kuitoa motoni.

Mahabusu ya Brackenau ilikuwa chini ya ukumbi wa halmashauri. Aschoff alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio makubwa na vidole vyenye makovu ya moto. Alisimama Krahl alipoingia.

"Hedwig?"

"Mzima. Mtoto mzima. Keti. Nieleze ulifanya nini injini zilipoanza kukosa nguvu."

"Niliwaza nimekuwa kiziwi," Aschoff alisema. "Mimi nikisikia injini najua. Ile ya Jumamosi ilikuwa inaimba, Bwana Inspekta. Nikamwambia msaidizi, hii ni elfu moja mia mbili na zaidi. Kikaratasi kinarudi: elfu moja mia moja arobaini na nane. Nikaanza na plagi. Kila fundi huanza na plagi. Nikabadili zote ishirini na nne. Nikaangalia kama cheche inakuja kwa wakati. Nikamwaga mafuta, nikatia mengine. Nikafungua pampu ya hewa, nikahesabu mapanga yake kwa kidole. Nikapima breki yenyewe kwa mawe ya mizani. Hakuna kitu. Nabaki mpaka jioni nafungua na kufunga."

"Na msichana wa hesabu?"

"Yupi?"

"Irmela Voss."

"Ndiyo jina lake?" Aschoff alisema. "Anapitisha kikaratasi kwenye kidirisha. Ana wino kidoleni."

Krahl alijikuna shingo. "Baromita ya chumba kile inatakiwa isome ngapi?"

"Mia saba kumi na tano. Siku nzuri sana, mia saba ishirini."

"Yangu ya nyumbani inasoma 757."

"Ya nyumbani kwako imewekwa na fundi saa, kwa desturi ya nyumbani. Anaongeza zile milimita za mlima, ili isome kama uko baharini. Ndivyo watu wote walivyozoea kusikia redioni zamani. Ni sawa kwa kujua mvua. Lakini injini haijui desturi. Inapumua hewa ya hapa, mita mia nne themanini juu, na hapa hewa ni 715. Mtu akiweka 757 chumbani mle, basi..."

Midomo yake ilianza kupiga hesabu.

"Jumamosi breki ilisema ngapi?" Krahl aliuliza.

"Elfu moja mia moja arobaini na nne. Kwa 715 inakuwa..." Aschoff aliandika kwa kucha ukutani kwenye chokaa. "Elfu moja mia mbili na kumi na sita. Nilisema inaimba! Nilisema!" Kisha akageuka. "Lakini karani yeyote angejua kuwa 757 haiwezekani huku."

"Karani yeyote wa mlimani," Krahl alisema. "Wako amezaliwa Wismar. Kwao baromita hutundikwa hatua chache tu kutoka baharini. Kwake yeye 757 ni siku ya kawaida."

"Na nani alimpanga kwangu?"

Krahl alikuwa tayari amevaa kofia.

Saa nane mchana zamu ilianza. Thormann alifungua chumba cha hesabu, akakaa humo dakika moja, akaenda zake kibandani. Injini ya siku hiyo ilipokuwa inapashwa moto, Krahl aliingia na Irmela. Bi Pohl, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliinuka kama kuku aliyeguswa mayai.

"Nani kafungua kabati langu?"

"Mimi, mama. Nikamate baadaye."

Krahl aliishusha baromita, akatoa bisibisi ndogo ya saa aliyoazima njiani, akageuza kijiparafujo mpaka mshale ukasimama kwenye 757. Akaitundika. Bi Pohl alishika kifua.

"Hiyo ni mali ya jeshi!"

"Basi soma mali ya jeshi kama inavyosema, upige hesabu kama kawaida. Binti atakusimamia."

Nje, injini iliachiwa nguvu zote. Vioo vya dirisha vilitetemeka, na vikombe vikaanza kutembea vyenyewe mezani. Dakika tano, kisha kimya. Namba ya breki ilipita kidirishani: elfu moja mia moja thelathini na tatu. Bi Pohl alisogeza rula, akaandika huku midomo imekazwa, akapitisha kikaratasi nje: elfu moja mia moja thelathini na saba. Haikubaliki.

Krahl aliketi nyuma ya mlango.

Haikupita dakika. Mlango ulifunguka, Thormann akaingia kwa hatua za haraka, glavu bado mkononi. Hakumtazama Bi Pohl. Hakumtazama Irmela. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaitoa baromita kwenye msumari, akaigeuza, mkono wa kulia tayari umeingia mfuko wa koti.

"Endelea tu, Fundi," Krahl alisema.

Mkono ulibaki mfukoni.

"Hii... huwa inacheza," Thormann alisema. "Baromita hii. Mbovu."

"Inaweza kuwa. Lakini umeigeuza kabla hujaitazama usoni. Umejuaje leo imecheza?"

Thormann alilowesha midomo. "Injini nzuri haiwezi kutoa elfu moja mia moja thelathini na saba."

"Aschoff naye alisema hivyo. Akaanza na plagi. Mwezi mzima kijana wako amefungua injini tisa mpaka kwenye mifupa, kwa sababu fundi akikosa nguvu anaitafuta kwenye injini. Yako iko kule nje bado ya moto, hujagusa hata waya mmoja. Umekuja ukutani." Krahl alinyoosha kiganja. "Nipe hiyo bisibisi."

Ilikuwa bisibisi ndogo yenye mpini wa mfupa. Ncha yake ilikuwa na unga wa shaba.

Bi Pohl alikaa. "Gisbert," alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi mzima nimekuwekea kahawa joto."

Thormann alivua glavu, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Walikuja watu wa wizara," alisema. "Vuli iliyopita. Nilivaa koti safi, nikasimama mlangoni. Miaka thelathini na moja nimo humu. Wakanipita kama kitasa cha mlango. 'Aschoff ni yupi?' Yeye akatoka chini ya injini, oili mpaka kwenye nyusi, akawaambia, 'Mabwana, mwalimu wangu ni huyu hapa.' Akanishika bega. Mbele yao! Angenitukana ningemsamehe."

"Kwa hiyo ukamshushia nguvu."

"Kidogo tu nilitaka. Waseme mkono wa baraka umekwisha, wamrudishe kuwa wa kawaida. Sikusema neno hujuma. Hilo ni la Fenske."

"Na maziwa ya mtoto ulipeleka ya nini?"

Thormann alitazama sakafu. "Ana mke anayemwangalia mlangoni," alisema. "Hata hilo analo."

Krahl alimwomba Irmela arudie hesabu za injini zote tisa kwa hewa ya kweli, Bi Pohl azihakiki. Makarani hao wawili walikaa meza moja kwa mara ya kwanza, rula kwa rula, wanasomeana namba kwa sauti. Saa kumi kasorobo Irmela alileta karatasi. Zote tisa zilikuwa nzima. Hakuna iliyokuwa chini ya elfu moja mia mbili.

"Mkurugenzi kasema ziende leo hii," alisema. "Kikosi kimezingoja mwezi mzima."

"Ukisaini hapa, Aschoff anatoka."

"Na zenyewe zinatoka." Alishika kalamu bila kuandika. "Bwana Inspekta, nimekuwa nikijiambia, angalau hizi tisa haziendi popote."

Krahl alishikilia karatasi isipeperushwe na upepo wa dirishani. Irmela alisaini.

Saa kumi na nusu Aschoff alitoka mlango wa halmashauri bila mkanda wala kamba za viatu. Hedwig alikuwa amesimama barabarani, nywele zimechanwa, kola nyeupe imepigwa pasi. Hawakukumbatiana, alimkabidhi mtoto tu, kama mtu anayerudisha kitu alichokuwa ameazimwa, akaanza kumfunga kamba za viatu alizoleta mfukoni. Malori ya kiwanda yalipita yakiwa na makasha makubwa ya mbao, tisa. Hedwig aliinuka upesi akamziba mtoto masikio kwa viganja viwili mpaka la mwisho lilipopita.

Krahl alimvuta kando, akamwekea mkononi karatasi iliyokunjwa. "Kliniki watakuwa wanahitaji fomu yao."

Aliitambua bila kuifungua. Akaisukuma ndani ya kola, karibu na ngozi. Macho yake yalijaa. Kisha akamtazama mumewe aliyekuwa anampulizia mtoto utosini, akasogea karibu na Krahl.

"Na yule wa pwani," alinong'ona, "bado atabaki zamu ya asubuhi?"

"Nenda nyumbani, Bi Aschoff. Mume wako hajui hata jina lake."

"Ndivyo alivyokwambia?"

Stesheni, Fenske alishuka na koti lake la ngozi, akatia saini risiti ya mtu mmoja bila kuuliza kwa nini jina limebadilika. Kwake yeye hujuma ilikuwa hujuma. Nyuma ya mabehewa ya abiria yalifungwa mabehewa mawili ya mizigo, na wafanyakazi walikuwa wanakaza minyororo kwenye makasha.

Thormann alisimama chini ya kile kibao cheupe, pingu zimefunikwa na koti lake safi. Alitazama makasha, kisha akamgeukia Krahl.

"Ile ya Jumamosi. Ya Ruprecht. Kwa hewa ya kweli ilitoa ngapi?"

"Elfu moja mia mbili na kumi na sita."

"Na yangu ya leo?"

Krahl alifungua daftari. "Bi Pohl ameirudia. Elfu moja mia mbili na nne."

Fenske alimvuta mkono. Thormann alipanda ngazi ya kwanza, akasimama, midomo ikicheza kama ya mtu anayehakiki hesabu ambayo angependa iwe na kosa.

"Kumi na mbili," alisema. "Bado kumi na mbili."